Mama dobi wa Voi aliyefua filamu, kisha akapewa tuzo kwa kuichafua

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Mwakingali, Voi. Jua ndio kwanza linachungulia, na Tryphena Wakesho tayari anaharibu nguo ya mtu.

Ameketi kwenye stuli uani, shati jipya limetandazwa mapajani, mkononi ana jiwe la kusugulia miguu. Anasugua bega la kushoto la shati. Analiinua, analitazama kwa mwangaza, anapuliza unyuzi, anasugua tena.

“Huyu amebeba magunia miaka minne,” anasema bila kuinua macho. “Bega la kushoto ndilo la kazi. La kulia ni la kupigwa na marafiki wakimsalimia.”

Kwenye kamba ya kuanikia kuna mashati mengine matano. Yote sita yalitoka dukani Jumatatu, rangi ya maziwa, saizi moja. Leo ni Alhamisi, na ukiyatazama utaapa yamevuliwa na wanaume sita waliotoroka kazi sita tofauti.

“Mama Lynn, hilo la tatu mbona jeupe hivyo?” anauliza Carolyne, dobi mwenzake, akipita na karai la maji. “Ama uchafu umekuishia?”

“Wewe fua zako, Carolyne.”

“Nauliza tu. Mgeni anakuja saa nne, na shati moja liko uchi.”

Mgeni anayesubiriwa ni Mukonyo Nzuki, mtayarishaji wa filamu kutoka Nairobi. Septemba anaanza kupiga tamthilia ya sehemu nane kuhusu familia ya mfanyakazi wa reli hapa Voi, mwaka wa 1983. Kwa simu alisema anatafuta dobi mzuri wa kuwafulia waigizaji. Tryphena akamjibu kwamba kazi hiyo hataki. Anataka kuwa mkuu wa mavazi: asome skripti tangu mwanzo, achague kila nguo, jina lake liandikwe hivyo.

Mukonyo akasema atakuja kuona kwa macho yake. Ndiyo maana ya mashati sita. Kufikia saa sita mchana, Tryphena atakuwa ama mkuu wa mavazi, ama dobi mwenye kikombe cha tuzo.

Kwa maana tuzo anayo. Iko juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa isipate vumbi. Mwezi Machi mwaka huu, mama huyu wa miaka 48 aliyeishia darasa la nane alipanda jukwaani Nairobi kupokea tuzo ya kitaifa ya filamu kwa mavazi bora, pamoja na mbunifu kijana, Shanice Katuku. Walishinda kwa kazi yao kwenye filamu ya Punda Hajarudi.

Na yote hayo yalianza na kosa ambalo mvivu hangelifanya hata kwa kulipwa.

Kwa miaka 22 Tryphena amekuwa akifua nguo za watu wa Voi. Anatoza shilingi 250 kwa karai, na siku ikikubali anarudi ndani na 800. Mji wenyewe unamtafutia kazi: hapa udongo ni mwekundu, na ukianika shuka jeupe upepo ukavuma, jioni unaanua shuka la rangi ya chai. Wateja wake ni makarani, madereva, mafundi wa gari, na gesti moja mjini ambako huchukua nguo kila baada ya siku mbili.

Julai mwaka jana gesti hiyo ilijaa watu wa filamu. Asubuhi moja Tryphena alifika kama kawaida na kukuta magunia ya nguo yamewekwa nje ya milango.

“Gunia nje ya mlango, kwa dobi, hiyo ni barua,” anasema. “Huulizi imetoka kwa nani. Unajibu.”

Ndani ya gunia moja alikuta mashati matatu ya mzee na magauni matatu ya msichana. Akashtuka. Yalikuwa na matope, masizi, madoa ya kahawia, shati moja mfuko umechanika, lingine halina kifungo.

“Nikasema, hawa watu wa Nairobi wamelelewa na nani? Nguo zilikuwa zinanitukana.”

Akaloweka. Akasugua kwa sabuni ya kipande, akasuuza mara tatu, akatia bluu ya kung’arisha. Akapiga pasi ya makaa mpaka mikono ya mashati ikasimama wima. Halafu, kwa huruma tu, akashona mfuko na kutafuta kifungo kinachofanana.

“Kifungo sikulipisha,” anasisitiza.

Jioni akarudisha nguo zimekunjwa kama za duka. Shanice alipofungua gunia, alikaa chini palepale mlangoni akalia kama aliyefiwa.

Filamu ilihusu mzee na mjukuu wake wanaotembea siku kumi na mbili kutoka Mata, kule mpakani, hadi Marungu, wakimfuata punda aliyeibwa. Siku zote hizo wana nguo zilezile, na kila siku zinachafuka zaidi. Kwa sababu filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi, Shanice alikuwa ametayarisha nguo za mwanzo, za katikati na za mwisho wa safari. Majuma matatu alihangaika na majani ya chai, rangi na makaa. Kesho yake asubuhi walitakiwa kupiga siku ya kumi na moja, na mwigizaji mkuu, Mzee Obadiah, alikuwa amebakiza ruhusa ya mwezi mmoja tu kutoka shule anakofundisha.

Mwongozaji, Ronald Kitonga, akaitwa. Akashika shati moja, akalinusa, akaliweka chini taratibu.

“Mama,” akasema, “umenifulia filamu yangu.”

“Nikamwambia asante,” anakumbuka Tryphena, na hapo anacheka mpaka anaweka jiwe chini. “Nilidhani ananisifu! Nilikuwa hata nimeanza kumwambia bei.”

Mtu mwingine angeomba radhi akaenda zake kumlilia mteja aliyempoteza. Tryphena, alipoelezwa kilichotokea, aliuliza swali moja: huyo mzee amepita wapi na wapi?

Wakamtajia. Mata kwenye mashamba ya ndizi. Halafu akapanda milima hadi Wundanyi, akalala kwa watu. Akashuka, akakata mashamba ya mkonge, akaingia tambarare ya Marungu.

“Basi zile nguo zilikuwa zinadanganya,” Tryphena akawaambia. “Mtu ametoka Mata, amelala chini ya migomba, na hana tone la utomvu wa ndizi? Amelala chini siku kumi, uchafu wote uko kifuani, mgongo safi? Kwani alikuwa analala amesimama?”

Shanice, machozi hayajakauka, akachukua daftari.

Ndipo Tryphena alipowaeleza jambo ambalo kila dobi analijua na hakuna aliyewahi kumuuliza: uchafu una foleni. Unaokuja kwanza hukaa chini, unaofuata hukaa juu. Utomvu wa ndizi huingia kwenye uzi ukawa mweusi, na hapo jiki haiwezi, ndimu haiwezi, maombi hayawezi. Udongo wa Wundanyi ni mweusi wa unyevu, hushika magotini na kwenye pindo. Vumbi jekundu la huku chini huja mwisho na kufunika yote. Ukigeuza foleni hiyo, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini hataamini.

Muda wa kwenda Mata haukuwepo. Alfajiri alimchukua Shanice mpaka soko la Voi, mahali milima na mabonde yote hukutana bila kukata tiketi. Kwa wauza ndizi waliopokea mzigo wa Taveta, upande uleule wa Mata, wakapata mikungu inayovuja utomvu. Kwa wauza kabichi wakakung’uta magunia ya Wundanyi. Vumbi jekundu hawakulitafuta. Lilikuwa limewatafuta wao tayari.

Kisha ikaja sehemu ambayo Carolyne bado hajaisamehe.

“Alinivalisha gauni la mtoto wa miaka kumi na minne,” anasema, karai likiwa kiunoni. “Mimi, mama wa watu! Kisa ni mwembamba. Nikabebeshwa kuni, nikakalishwa chini, nikaambiwa nifute mikono kwa gauni kila nikishika kitu. Jirani akaniita pembeni akaniuliza kama nimeachwa.”

“Na ulisemaje?” anaulizwa.

“Nilimwambia niko kazini. Akanihurumia zaidi.”

Tryphena mwenyewe alivaa shati la mzee, akabeba, akajifuta, akalala mgongo uani wakati paka wanamtazama. “Doa haliwekwi kwa brashi,” anasema. “Doa linapatikana. Lazima mwili upite.”

Kitonga aliahirisha kazi kutoka asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa nane nguo zilikuwa Marungu. Mzee Obadiah alipovaa shati lake alijitazama, akaanza kuchechemea kabla hajaambiwa. Kitonga akasema kwa sauti ndogo, “Kamera. Haraka.”

Kuanzia siku hiyo Tryphena aliajiriwa kwa siku 26 zilizosalia, shilingi 2,500 kwa siku. Pesa hizo ndizo zilizonunua hilo tangi jeusi la maji linaloonekana pembeni ya nyumba. Shanice akahakikisha jina la Tryphena limeandikwa kando ya lake mwisho wa filamu, herufi sawasawa.

“Mama alinifundisha kwa wiki nne kitu ambacho chuo hakikunifundisha kwa miaka miwili,” anasema Shanice kwa simu kutoka Kisumu, ambako ana kazi nyingine. “Mukonyo alinitafuta mimi kwanza. Nikamwambia, dada, mpigie Mama. Mimi mwenyewe nitakuja kumsaidia nikimaliza huku.”

Usiku wa tuzo, Tryphena alivaa gauni la kijani alilolishona Lynn, bintiye, na akalipiga pasi mara mbili, nyumbani na tena Nairobi, kwa kuwa hakuiamini safari. Filamu yao ilikuwa imeteuliwa mara nne. Ikashinda mbili: Mzee Obadiah akawa mwigizaji bora wa kiume, na wao wakachukua mavazi. Punda, anayeonekana kwa dakika moja mwishoni akiwa mzima na mnene kuliko waliomtafuta, hakuteuliwa kwa lolote. Carolyne anaona hapo kulikuwa na upendeleo.

Majina yao yaliposomwa, Shanice alimshika mkono wakapanda. Kijana aliyekuwa akiendesha sherehe akamkabidhi Tryphena kipaza sauti. Ukumbi ukangoja. Tryphena akamtazama kijana huyo kifuani.

“Mwanangu,” akasema, na spika zote zikamfuata, “hayo ni mafuta ya nyama. Usitie maji moto, utayapika. Nyunyizia unga, ulale, asubuhi usugue na sabuni ya kipande.”

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kijana akafunika koti kwa karatasi za majina. Makofi yalipotulia, Tryphena akatoa hotuba fupi. Akamshukuru Mungu, Shanice, Carolyne na udongo wa Taita Taveta. “Umenilisha miaka ishirini na miwili nikiutoa,” akasema. “Leo umenileta hapa kwa kuurudisha.”

Aliporudi Voi, alipigiwa makofi kanisani, akapongezwa sokoni, na Jumatatu mteja mmoja akamletea magunia mawili ya nguo za fundi wa gari akitaka bei ipunguzwe, eti sasa Tryphena ni tajiri. Simu za kazi zilikuja tano. Zote tano zilitaka dobi.

“Nilijiuliza, hii tuzo ni ya nini?” anasema. “Wanataka mikono tu. Kichwa wananiambia nikiache nyumbani.”

Saa nne na dakika kumi, Mukonyo anaingia uani. Ni mwanamke mrefu, mkoba begani, viatu vyeupe pee.

“Hodi hapa! Mama Lynn?”

“Karibu sana, madam. Hivyo viatu vimekosea mji.”

Mukonyo anacheka, anaangalia chini, anaacha kucheka. Anapewa stuli, anakataa. Anakwenda moja kwa moja kwenye kamba.

“Usiniambie. Nijaribu mwenyewe.” Anashika la kwanza. “Huyu ni mbeba mizigo.”

“Bega gani?”

“Kushoto.” Anashika la pili, ubavu umekolea mafuta. “Fundi wa gari. Anajifutia hapa.” Anaruka la tatu. La nne linamchukua muda. Mikono imekatika nyuzi na ina vitobo vidogo. “Mkonge?”

“Mkonge. Miiba.”

La tano ni la mwuza nyama, la sita la mchungaji wa mbuzi. Analinusa na kulirudisha haraka. Anatikisa kichwa kwa furaha, halafu anarudi kwenye shati la tatu.

“Hili hujaanza?”

Carolyne, ambaye kwa nusu saa amekuwa akisuuza soksi moja, anasimamisha mikono.

“Hilo ndilo limenisumbua kuliko yote,” anasema Tryphena. “Nimelichafua mara saba na kulifua mara saba. Lipeleke kwa jua.”

Mukonyo analiinua. Kitambaa kimekuwa chepesi viwikoni, unaweza kuona vidole ng’ambo. Kwenye mkono wa kulia kuna kivuli cha grisi, doa ambalo mtu amelipigania kwa miaka bila kulishinda. Kola imefumuliwa, ikageuzwa upande uliolika ndani, ikashonwa tena.

“Huyo ni baba wa stori yako,” anasema Tryphena. “Mtu wa reli.”

“Lakini yule ni maskini, Mama Lynn. Tulitaka aonekane amechakaa.”

“Ndio maskini huyo. Ana mashati mawili: moja liko kwa kamba, moja liko mgongoni. Asipofua Jumamosi, Jumapili haendi kanisani. Mtu wa kukaa na nguo chafu wiki nzima ni yule ana zingine kumi.” Anasimama, anafuta mikono kwa leso. “Nyinyi kila mkionyesha maskini mnampaka matope mpaka masikioni. Kwani huku hatuna maji? Ama hatukuzaliwa na mama?”

Carolyne anaiacha soksi izame kwenye karai.

“Baba yangu alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli hapahapa,” Tryphena anaendelea, sauti imeshuka. “Mwaka huo wako wa 1983 nilikuwa na miaka sita, tukikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama alikuwa anageuza kola yake kila Krismasi. Hakuna siku nilimwona baba anatoka kwenda kazini akiwa mchafu. Kurudi, ndio.”

Mukonyo bado ameshika shati.

“Una diploma ya aina yoyote? Nauliza kwa sababu wenye kutoa pesa wataniuliza.”

“Sina.”

“Niwaambie nini?”

“Waambie watafute mwenye diploma wamuulize kola inageuzwa vipi. Akijua, muajiri huyo, mimi nitamfulia na sitanuna.”

Mukonyo anatazama kola. Anaigeuza, anatafuta mshono, hauoni. Anasogeza stuli aliyoikataa, anaikalia.

“Haya. Inageuzwa vipi?”

Tryphena anachukua wembe na kumfundisha. Inachukua dakika ishirini, na Mukonyo anajikata kidole mara moja. Anapomaliza, anafungua mkoba na kutoa kitabu kinene cha karatasi zilizobanwa.

“Mkuu wa mavazi,” anasema. “Nitapigana nao huko Nairobi, hiyo niachie mimi. Jina lako litakuja mwanzoni mwa kila sehemu.”

“Na wasaidizi nitachagua mwenyewe.”

“Kina nani?”

“Shanice. Na madobi wanne wa hapa Voi. Huyu wa kwanza anaitwa Carolyne. Mdomo ni mrefu, lakini anajua madoa.”

“Gauni la mtoto sivai tena!” Carolyne anapiga kelele kutoka kwenye karai. “Hilo liandikwe!”

Wanapeana mikono. Mukonyo anaondoka na shati la tatu mkobani, akakanyage Nairobi na viatu vya rangi ya matofali.

Sasa ni saa sita. Tryphena anataja mipango yake bila kupunguza sauti, kama mtu anayetaja vitu ambavyo ameshavilipia. Agosti atazunguka Wundanyi na Mata kununua nguo za zamani kwa familia za watu wa reli. Tamthilia ikiisha, nguo hazitatupwa. Atakodi chumba mjini ziwe stoo, ili filamu yoyote inayokuja Taita Taveta ipate mavazi hapa na watu wa kuyashughulikia. Madobi wanne wakishajua kusoma skripti, atachukua wengine wanne.

“Tumekuwa tukisoma nguo za watu bure,” anasema, akimaanisha yeye na wenzake. “Sasa tutalipwa kwa kuzisoma.”

Lynn amerudi kutoka dukani. Anakaa kwenye mkeka, anafungua skripti, anamsomea mama yake kwa sauti ukurasa wa kwanza: asubuhi, landhi za reli, Voi. Baba anatoka nyumbani kwenda kazini. Shati lake ni chafu, limeraruka.

“Ngoja hapo,” anasema mkuu wa mavazi. “Lete kalamu.”